Hivi ni mimi tu ninayerudia Pride and Prejudice kila wiki, au kuna kitu mle ndani kinatushika?

#1 BintiChumbageni

Wakuu habari za jioni. Nina swali na naomba mnijibu kwa dhati maana hili jambo limenikaa kichwani miezi sasa.

Binamu yangu alinipa flashi ya muvi, ndani yake nikakuta ile tamthilia ya BBC ya 1995, Pride and Prejudice, epsodi 6. Nikasema naangalia moja nilale. Nimelala alfajiri adhana inapita. Toka siku ile nimeimaliza mara tisa, nikatafuta ya 2005 ya Keira Knightley, nikatafuta ile ya zamani ya 1940, nikahamia Jane Eyre ambayo nimeangalia tatu tofauti, Persuasion, North and South, na bado usiku nikishika simu mkono unakwenda kulekule. Naangalia na mama. Kiingereza hakijui vizuri kwa hiyo namtafsiria kwa sauti, na sasa hivi akisikia ule muziki wa piano wa mwanzo anaacha mboga jikoni anakuja.

Mimi nimefikiria nikapata jibu langu, nataka nisikie na yenu. Nadai kinachotushika ni kile kipande cha kukataliwa. Darcy anakwenda pale Hunsford anamwambia Elizabeth nakupenda lakini familia yenu ni aibu, na dada wa watu anamkataa. Sasa angalia anakataa nini. Baba yake ana pauni 2,000 kwa mwaka, mabinti watano, hakuna wa kiume, na mali imefungwa kisheria akifa inakwenda kwa binamu yao Collins. Huyo Collins mwenyewe alishamposa akamkataa. Darcy ana pauni 10,000. Na akamkataa! Halafu jamaa hakutukana, hakumsema mitaani. Asubuhi yake kamletea barua akaondoka. Baadaye Lydia, mdogo wake Elizabeth, alipotoroshwa na Wickham ni Darcy aliyekwenda London kulipa madeni ya Wickham ili amuoe, na akaomba Elizabeth asiambiwe. Hakuahidiwa chochote. Mwanaume kakataliwa, kaenda kujirekebisha kimyakimya. Hicho ndicho ninachokirudia mimi.

Nawasilisha.

#2 Kombo_Mwera

Mleta mada asante sana, mimi mwanaume wa miaka 38 na nilidhani niko peke yangu. Mwenzio ni North and South ya 2004, ile ya Richard Armitage. Epsodi 4 tu lakini imenipiga kuliko sizoni zote za mapigano nilizowahi kuangalia. Nitarudi kueleza, niko kazini.

#3 MjukuuWaFundiSaa

Dada yangu BintiChumbageni umeandika vizuri ila tusizungushane, kinachowashika ni Colin Firth anatoka ziwani shati limemganda. Hata Jane Austen alijua anachokifanya alipokiandika kile kipande, mwandishi mwenye akili lazima umpe msomaji kitu cha kushika.

#4 UkurasaWaPili

#3 hapo umeteleza mkuu, na mara mbili.

Kwanza kipande cha ziwa hakimo kitabuni kabisa. Kitabu ni cha 1813, ziwa ni la Andrew Davies aliyeandika ile tamthilia. Kitabuni Elizabeth yuko Pemberley, nyumba ya Darcy, na mjomba wake na mkewe, akina Gardiner, wanatembea nje baada ya kuoneshwa nyumba, mara Darcy anatokea ghafla, wanakutana macho, wote wawili wanaiva mashavu. Basi. Mkavu kabisa.

Pili hata kwenye tamthilia hatumwoni akitoka majini. Karudie leo. Anajitupa, anaonekana chini ya maji, kinachofuata tayari anatembea kwenye majani shati limelowa, koti kalibeba mkononi. Hicho cha kutoka ziwani kila mtu anakikumbuka na hakipo.

Na hapo ndipo lilipo jibu langu kwa mleta mada. Hizi tamthilia zinatushika kwa sababu zinajaza pale kitabu kilipoacha wazi. Austen haelezi sura ya mtu, haelezi vidole, hata posa ya mwisho Elizabeth anapokubali hatupewi maneno yake, tunaambiwa tu kwamba alimweleza hisia zake zimebadilika. Msomaji unabaki na njaa. Anakuja mtu wa kamera anakulisha, na kila anayekuja anakulisha chakula tofauti, kwa hiyo lazima uangalie zote.

#5 MjukuuWaFundiSaa

Nimerudia sasa hivi. Ni kweli hatoki majini. Miaka yote hii nina picha kichwani ya kitu ambacho hakipo, nimekubali.

#6 Wanjiku_wa_Githurai

Niaje watu wangu. Wote mnaongea 1995 na hamjataja mkono. MKONO jamani.

Ile ya 2005 ya Joe Wright, Elizabeth anaondoka Netherfield, nyumba alikofikia Darcy, baada ya dadake kupona, Darcy anamshika mkono kumpandisha kwa gari la farasi, hawavai glavu, anageuka anaenda zake bila neno, na kamera inashuka kwa ule mkono wake na vidole vinatanuka hivi kama mtu ameguswa na stima. Sekunde chache tu. Mimi nilikuwa nakula nikaweka kijiko chini.

Kwangu hiyo ndiyo sababu. Sisi siku hizi kila kitu tunapewa dakika ya kwanza, wanajuana saa tatu na saa nne washafika kitandani. Hapa mtu anashikwa vidole na inamkaa wiki. Kitu kikiwa haba kinakuwa na uzito. BintiChumbageni sikatai kukataliwa ni kuzuri, lakini kama wangekuwa wameshapigana busu kabla, ile posa ya mvua ingekuuma hivyo?

#7 UkurasaWaPili

Wanjiku mkono nakupa. Posa ya mvuani ni mali ya muvi tu, kitabuni Darcy anaposa ndani ya nyumba, ukumbini, yeye kasimama anatembea huku na huku na Elizabeth alikuwa na maumivu ya kichwa siku hiyo. Ila sikulalamikii, ule mvua nauelewa.

#8 Bi_Mkubwa_Muscat

Salaam. Mie mtu wa Unguja niko Muscat miaka mingi, tamthilia hizi naangalia na wifi zangu na mabinti zao Ijumaa baada ya chakula.

Wallahi mnatafuta mbali. Dunia ile tunaijua. Posa inapita kwa wakubwa, mtoto wa kike hatoki peke yake, barua kwa kijana ni kashfa, na binti mmoja akiharibu nyumba nzima haiolewi. Lydia ana miaka kumi na sita anatoroka na mwanajeshi, na kosa lake linawaangukia dada zake wanne. Hilo hamna haja ya kunifasiria mie. Mama Bennet watu wanamcheka, mie simcheki hata kidogo, yule mama anawahesabu mabinti watano kila usiku kabla hajalala na anajua akifiwa na mume nyumba si yake. Nimemwona mama huyo barazani kwetu kwa macho yangu. Wasichana wa Kizungu wa leo ndio inabidi waelezwe kwa nini Elizabeth hawezi kumwandikia Darcy. Sie tunaelewa hapo hapo.

#9 Kombo_Mwera

Nimerudi. Bi Mkubwa shikamoo, umenena.

Sasa nieleze yangu. Marehemu baba alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba kule Kanda ya Ziwa. Msimu ukifika alikuwa anarudi usiku na nyuzi nyeupe kwenye kope, kwenye masikio, hata kwenye nywele za mkono. Sisi watoto tulikuwa tunamchambua kama kuku. Alikohoa miaka mingi na hakuna aliyetuambia kitu.

Ndiyo nikakutana na North and South. Margaret Hale katoka kusini mwa Uingereza kuhamia Milton, mji wa viwanda, anafungua mlango wa kiwanda cha Thornton na anachokiona ni theluji. Ukumbi mzima mashine zinapiga na hewani kunaelea nyuzi za pamba, nyeupe, polepole, pazuri sana kwa macho, mpaka ukumbuke kwamba watu wanavuta kile kitu kifuani. Nilisimamisha video. Nilikaa pale kama robo saa.

Baadaye nikatafuta kitabu cha Elizabeth Gaskell, kilitoka kwa vipande kwenye gazeti la Dickens 1854 mpaka 1855. Kuna binti anaitwa Bessy anakufa mapafu kwa vumbi hilo la pamba, na anaeleza kwamba lipo gurudumu la kupuliza lile vumbi litoke nje lakini ni ghali na halimwingizii mwenye kiwanda faida, halafu anasema wapo hata wafanyakazi wasiolitaka, kwa sababu wamezoea kumeza nyuzi na hewa ikiwa safi wanasikia njaa. Nilipofika hapo nikampigia simu dada yangu nikamsomea.

Kwa hiyo mimi nimeshikwa na mapenzi, ndiyo, Thornton anaposema ageuke amwangalie nalia kila mara, lakini nimeshikwa pia kwa sababu ni tamthilia ya mapenzi iliyomwona baba yangu.

#10 Wanjiku_wa_Githurai

Kombo pole sana. Sina la kuongeza. Naitafuta leo.

#11 BintiChumbageni

Kombo umenifanya nirudie epsodi ya kwanza. Niliangalia mara zote nikimwangalia Thornton tu, pamba sikuiona. Asante kaka.

#12 Mtazamaji_Sugu

Pole Kombo. Sasa niwatibue kidogo. Mnasifia pauni 10,000 za Darcy kama vile zimeshuka mbinguni. Utajiri wote wa yule mtu ni pauni 10,000 na mnamwita tajiri, leo hainunui hata gari zuri.

Halafu hela za hawa watu zilitoka wapi? Mansfield Park, riwaya nyingine ya Austen, mwenye nyumba ana mashamba Antigua, na Antigua wakati ule ni miwa na watumwa. Muvi ya 1999 ilikitoa kitu hicho nje waziwazi, wengi hawakuipenda kwa hilo. Jane Eyre, yule mke wa Rochester aliyefungiwa darini, Bertha, katokea Jamaica na mali yake. Sisi tunaliaje na Rochester wakati mke wa mtu yuko juu amefungiwa?

#13 UkurasaWaPili

Mtazamaji kwenye hela kosa, 10,000 ni mapato ya mwaka mmoja, kodi za wapangaji na ardhi, kila mwaka zinaingia na mtaji upo palepale. Linganisha na Austen mwenyewe, hiki kitabu chote aliuza hati yake kwa pauni 110 tu, mara moja, basi.

Ila kwenye Bertha uko sahihi na mimi sina jibu. Jean Rhys, mwanamke wa Dominica ile ya visiwa vya Karibiani, aliandika riwaya nzima 1966, Wide Sargasso Sea, akampa Bertha maisha yake. Tangu niisome siwezi kuangalia Jane Eyre kwa raha ileile, na bado naangalia. Ya 2006 ya Ruth Wilson naiangalia kila mvua ikinyesha.

#14 Mtazamaji_Sugu

Hapo kwenye mapato ya mwaka nimesahihishika. Na Heathcliff wa Wuthering Heights je? Kitabuni ni mtoto mweusimweusi kaokotwa mitaani Liverpool, wao miaka yote wanamuweka Laurence Olivier na Ralph Fiennes. Ni 2011 tu Andrea Arnold alipomuweka kijana mweusi. Mimi hiyo ndiyo naipenda, upepo na matope, hawaongei sana. Kwa hiyo na mimi nimo humu msinione adui.

#15 ShangaziZuhura

Wanangu hamjambo. Naona mnasema Wazungu tu. Nani aliyetufundisha sisi kulia kwenye mapenzi ya kukosana? Mhindi! Tanga ya utoto wangu Jumapili mchana ilikuwa sinema, kanga mpya, karanga za kwenye karatasi, na hatujui Kihindi hata neno lakini ukumbi mzima unalia pamoja. Steringi akipigwa watu wanasimama.

Devdas ni kitabu, watu wengi hawajui. Cha Sarat Chandra Chattopadhyay, kilitoka 1917, na wamekifanyia muvi tangu enzi za 1928. Sisi wakubwa yetu ni ya Dilip Kumar ya 1955, nyie yenu ya Shah Rukh Khan ya 2002. Mtu aliyekua na Devdas hashtuki kwa Darcy, tofauti yake Darcy anasimama akajirekebisha, Devdas anakunywa mpaka anafia mlangoni kwa mpenzi wake Paro. Na ule wimbo Paro na Chandramukhi wanacheza pamoja ndio roho ya kitabu, wanawake wawili wanampenda mtu mmoja na hawachukiani.

#16 Bi_Mkubwa_Muscat

Zuhura umenikumbusha sinema za Unguja, mama yangu alikuwa anashona gauni kwa kuigiza alilolivaa Vyjayanthimala. Lakini ule wimbo kitabuni haumo mwenzangu, Paro na Chandramukhi hawakutani kabisa. Ya 1955 wanapishana njiani tu, wanatazamana bila ya neno. Kucheza pamoja kaleta Bhansali 2002.

#17 ShangaziZuhura

Kweli? Basi nimekubali. Na kule kupishana njiani nakukumbuka, kulikuwa kimya sinema nzima.

#18 UkurasaWaPili

Mmeona sasa? Ziwa halimo, mvua haimo, wimbo haumo. Na Kombo nikutibue kidogo, ile busu ya stesheni ya treni unayoililia nayo haimo. Kitabuni wanamalizia sebuleni London, Margaret ana mahesabu mkononi, anataka kumkopesha Thornton pauni 18,057 ambazo benki zinamzalia asilimia mbili na nusu tu. Vile vinavyotushika vingi vimeongezwa na watu wa kamera.

#19 Kombo_Mwera

Stesheni niachie kaka. Lakini hilo la mkopo mbona ni zuri zaidi? Mwanamke anamwokoa kwa mtaji, tena kwa hesabu kamili mpaka zile 57.

#20 MkaziWaManchester

Habari wakuu, niko huku Uingereza. Lyme Park, ile Pemberley ya 1995 kwa nje, iko karibu na Stockport, nilikwenda. Ukisimama upande wa pili wa maji nyumba inaonekana vilevile. Ndani hapakupigwa pale, vyumba ni vya Sudbury Hall. Ya 2005 ni Chatsworth, kule kwenye ukumbi wa masanamu. Nilikuta kina mama wa Kijapani, Wahindi, mimi na kijana mmoja Mnigeria, kila mmoja kasimama kimya na simu yake anatafuta ile kona. Hatukusalimiana lakini tulijuana.

Mimi nadhani ni ile nyumba. Elizabeth mwenyewe akiulizwa na dada yake alianza lini kumpenda, anajibu tangu alipoiona Pemberley. Anatania, najua. Ila mimi nilipofika pale sikuwa na uhakika kama anatania yote.

#21 Baba_Wawili

Jamani nisaidieni. Mke wangu ndiye mgonjwa wa hivi vitu, juzi tumegombana kidogo akaniambia Darcy angeandika barua. Mimi ni fundi umeme, narudi saa mbili usiku. Huyo Austen mwenyewe hakuolewa wala hakuwahi kuposwa, anawafundisha nini wake zetu?

#22 UkurasaWaPili

Aliposwa mkuu. Desemba 1802, na Harris Bigg-Wither, kijana mrithi wa nyumba kubwa. Jioni akakubali. Asubuhi akaamka akakataa, akaondoka pale na dada yake. Alikuwa anakaribia miaka 27, hana mali. Kwa hiyo alipoandika habari za kukataa alikuwa anajua kinauma wapi.

#23 ShangaziZuhura

Baba Wawili mwanangu, andika barua. Hata mistari mitano. Wewe unadhani anataka farasi?

#24 Wanjiku_wa_Githurai

Charlotte Lucas ana miaka 27 pia aki, yule rafiki aliyekubali Collins. Sikuwahi kuunganisha hizo mbili.

#25 Pwani_Msomaji

Nimesoma uzi wote. Mbona hakuna aliyetaja ya kwetu? Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kitabu cha 1999, Amil Shivji kaifanyia filamu 2021. Unguja ya miaka ya hamsini, Yasmin binti wa Kihindi kaozwa mzee kuliko baba yake, katoroka, kaingia kwa Mwajuma, kampenda Denge anayepigania uhuru. Sehemu kubwa wanaongea Kiswahili na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nilipoona vichochoro vile usiku na taa ya kandili nililia kabla hakijatokea chochote cha kuliza. Ninachosema mimi ni kwamba hatujashikwa na Uingereza, tumeshikwa na kuona jambo tulilolisoma likapewa mwili. Tungepewa na za kwetu kumi hivi uzi huu ungekuwa mwingine.

#26 Mtazamaji_Sugu

Nakuunga mkono, ila kitabu kina watu na safari nyingi mno, kingetakiwa kuwa epsodi 6 kama hao BBC, saa moja na nusu inakibana.

#27 BintiChumbageni

Nimesoma kila kitu, nimemsomea na mama. Bi Mkubwa amekusalimia sana, hapo kwenye kuhesabu mabinti kabla ya kulala alinyamaza muda mrefu, sisi kwetu tuko wanne.

Nikamuuliza na yeye, mama wewe unashikwa na nini humu, ni kukataliwa, ni mkono, ni nyumba? Akasema kwake ni Charlotte. Nikashangaa. Akasema mnamwonea huruma bure. Pale Elizabeth anapokwenda kumtembelea, Charlotte kamsifia mumewe kulima bustani ili ashinde nje, na chumba cha kukaa kajichagulia cha nyuma, kile kidogo, ili Collins asipate hamu ya kuja kukaa. Mama anasema mwanamke aliyejitafutia chumba chake ndani ya nyumba ya namna ile ana akili kuliko wote, na anataka kujua siku zake zilikwenda vipi baada ya wageni kuondoka, mbona hawaoneshi.

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akanyanyuka akaenda kufunika chungu, akarudi, akasema basi turudie pale wanapofika kwa Charlotte. Bando limebaki kidogo ila iko kwenye flashi. Tunaanza sasa.

#28 Kombo_Mwera

Mwambie mama na mimi nakaa naye. Epsodi ya tatu hiyo.